SUNGURA MZEE: UZEE SI UGONJWA

  Kila mmoja wenu awe na daftari na kalamu karibu naye, maana leo kalamu itakuwa na kazi maalumu. Kazi hiyo nitawaeleza baadaye.

Leo tutazungumza juu ya sungura mzee na maradhi yake. Huenda mmoja wenu atacheka na kusema, "Sungura huzeeka wapi? Sungura huliwa!" Ni kweli. Mtu afugaye sungura kwa nyama huwachinja wangali na miezi michache tu. Sungura wa namna hiyo hapati nafasi ya kuzeeka. Lakini wako sungura wengine. Yuko jike aliyezaa mara nyingi, na mwenyewe hakuwa na moyo wa kumchinja. Yuko sungura wa watoto, aliyepewa jina, ambaye huja mbio akisikia sauti ya mtoto aliyemlea. Mtoto yule sasa amekuwa kijana mkubwa, na sungura bado yumo kibandani. Huyo ndiye tunayemsema leo.

Kwanza tujiulize: sungura huwa mzee lini? Sungura wa kufugwa, akitunzwa vizuri, huishi miaka 8 hadi 12. Uzee huanza kumwingia afikapo miaka 5 au 6. Sungura wa aina kubwa huzeeka mapema zaidi kuliko wale wadogo. Yuko sungura mmoja aliyekamatwa porini katika kisiwa cha Tasmania, huko Australia, tarehe 6 Agosti 1964. Aliishi miaka 18 na zaidi ya miezi 10, na kitabu cha rekodi cha Guinness humtaja kuwa aliishi kuliko sungura wote waliopata kuandikwa. Umri kama huo si wa kawaida. Lakini twajifunza kwamba mnyama huyu mdogo anaweza kukaa nasi miaka mingi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sasa sikilizeni neno kubwa la somo hili. Liandikeni juu kabisa ya ukurasa: UZEE SI UGONJWA.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu watu wengi wanapomwona sungura wao amekonda, amejikunyata pembeni, hataki kuruka, husema, "Ni uzee tu." Wakisha kusema hivyo, hawafanyi jambo jingine. Neno hilo dogo, "tu," ndilo linalomponza sungura. Mara nyingi nyuma ya uzee huo umejificha ugonjwa. Magonjwa mengine hutibika kabisa. Mengine hayaponi, lakini maumivu yake huweza kupunguzwa. Asiyeutafuta ugonjwa hawezi kuuona.

Na sungura mwenyewe hatakuambia. Katika hadithi zetu sungura ni mjanja. Humdanganya simba, humdanganya fisi. Sungura wa kibandani naye ana ujanja wake. Yeye ni mnyama anayewindwa. Akiwa porini, akionyesha kwamba anachechemea au ni dhaifu, adui humchagua yeye kwanza. Kwa hiyo amezaliwa na tabia ya kuficha maumivu. Hapigi kelele kama mbwa. Hulia kwa nadra sana. Hukaa kimya tu, macho wazi, kana kwamba hana neno. Ujanja uliomwokoa porini ndio unaomuua nyumbani, kwa kuwa mwenyewe huambiwa habari ikiwa imekwisha kuchelewa. Basi hatuna budi kujifunza kuzisoma dalili zake, kama tunavyojifunza kusoma herufi.

Tuanze na meno. Sungura ana meno 28, na yote huota maisha yake yote. Hayaachi kukua. Meno ya mbele huweza kukua karibu milimita 2 kwa wiki moja. Kinachoyapunguza ni kutafuna, hasa kutafuna nyasi. Sungura asiyepata nyasi za kutosha, akalishwa pumba na mabaki ya jikoni tu, meno yake hayalikwi sawasawa. Baada ya miaka, magego hufanya ncha kali. Ncha za chini huchoma ulimi, na za juu huchoma mashavu. Hebu fikiri unatafuna chakula na kila ukitafuna unachomwa.

Dalili zake ni hizi. Sungura huja kwenye chakula kwa hamu, huchukua, kisha hukiangusha. Huacha nyasi ngumu, huchagua vitu laini. Kidevu hulowa mate. Jicho moja hutoa machozi kila mara, kwa sababu mizizi ya meno ya juu iko karibu na njia ya machozi. Ukipitisha kidole taratibu chini ya taya, huenda utakuta kivimbe. Usijaribu kumkata meno kwa koleo au mkasi wa nyumbani. Jino hupasuka mpaka kwenye mzizi, na usaha huingia. Daktari wa wanyama anacho kifaa cha kuyasaga.

Pili, tumbo. Sungura hula kidogo kidogo mchana na usiku, na tumbo lake hufanya kazi wakati wote. Tena hawezi kutapika. Akiacha kula, kwa maumivu, kwa hofu au kwa joto, tumbo hupungua mwendo, kisha husimama. Hewa hujaa ndani, maumivu huzidi, naye huzidi kukataa chakula. Sungura mzee huingia upesi katika hatari hii, kwa kuwa maungo yake yanamuuma na maji hanywi ya kutosha.

Basi ishikeni kanuni hii: sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa haraka. Usingoje kesho kutwa uone kama atapata nafuu. Mtafute daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Kama tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, usimlazimishe kula kitu chochote. Kama masikio yake ni ya baridi kuliko kawaida, mfunike kitambaa mkiwa njiani, maana mwili unapoteza joto.

Tatu, viungo na mgongo. Kama bibi na babu zetu, sungura mzee hupata ugonjwa wa viungo. Magoti, nyonga na uti wa mgongo hukakamaa. Mwenye kumtazama ataona kwamba haruki tena juu ya boksi lake, huburuta miguu, na hajilambi vizuri mgongoni na nyuma.

Hapa kuna jambo la kueleza. Sungura ana kinyesi cha namna mbili. Kimoja ni zile punje ngumu za mviringo tunazozifagia. Kingine ni laini, chenye kung'aa, kimeshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Hiki cha pili sungura hukila tena moja kwa moja kinapotoka, kwani kina vitamini na lishe anayoihitaji. Si uchafu wala si wazimu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini sungura ambaye mgongo umekakamaa hawezi kuinama kukifikia. Basi kinyesi laini hugandamana na manyoya ya nyuma. Mkojo nao humlowesha. Ngozi huchubuka, na harufu huwaita nzi.

Nzi wakitaga mayai katika manyoya machafu, mabuu huweza kutoka katika muda wa siku moja, nao huanza kula ngozi na nyama ya sungura akiwa hai. Ni kifo kibaya. Kwa sababu hiyo, sungura mzee ageuzwe na kutazamwa nyuma kila siku, na wakati wa joto na nzi atazamwe asubuhi na jioni. Manyoya yaliyolowa yasafishwe kwa maji vuguvugu na kitambaa, kisha yakaushwe vizuri. Usimtumbukize sungura mzima katika karai la maji. Hushtuka mno, na anaweza kufa.

Tazama na nyayo zake. Sungura hana ngozi nene chini ya mguu kama paka au mbwa. Ana manyoya tu. Mzee anayekaa muda mrefu juu ya waya wa kibanda au sakafu ngumu hupata vidonda kisiginoni. Kidonda kikifika kwenye mfupa, kukiponya ni kazi kubwa. Dawa iliyo bora ni kumtandikia kabla ya kidonda: mkeka, na juu yake nyasi kavu nyingi, zibadilishwe kila zinapolowa. Kucha nazo zikatwe, maana mzee hatembei vya kutosha kuzipunguza.

Nne, figo na mkojo. Mwili wa sungura hutoa chokaa ya ziada kwa njia ya mkojo, ndiyo sababu mkojo wake mara nyingi huwa mzito na wa rangi ya maziwa. Mzee asiyetembea na asiyekunywa huweza kujaza chokaa kibofuni mpaka ikawa kama uji au jiwe. Akikojoa hujikaza na kuumia. Mpe maji katika bakuli pana, zito, lisilopinduka, maana wengi hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kunyonya. Majani yenye chokaa nyingi, kama alfalfa, yasiwe chakula chake cha kila siku. Chakula chake kikubwa kiwe nyasi.

Upo pia ugonjwa wa kijidudu kinachoingia kwa njia ya mkojo wa sungura mwingine mwenye ugonjwa. Kijidudu hiki huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili yoyote, kisha mwili ukidhoofika hushambulia ubongo na figo. Sungura huamka asubuhi kichwa kimepinda upande, anazunguka au kuanguka, au miguu ya nyuma imelegea. Watu husema amerogwa, au amepigwa. Wengine humchinja palepale. Lakini iko dawa ambayo daktari huweza kumpa kwa siku 28, na wako sungura wanaopata nafuu wakaendelea kula na kuishi, ingawa kichwa hubaki kimepinda kidogo.

Tano, kizazi cha jike. Hili ni kubwa. Sungura jike ambaye hakuondolewa kizazi yumo katika hatari ya kupata saratani ya kizazi, na hatari hiyo huongezeka sana apitapo miaka 4. Katika aina fulani za sungura, zaidi ya nusu ya majike wazee waliochunguzwa walikutwa nayo. Dalili ni damu, hasa mwishoni mwa kukojoa, matiti yaliyovimba, na kukonda. Msishtuke bure, lakini. Mkojo wa sungura huweza kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa sababu ya majani aliyokula. Daktari hupima na kutambua kama ni damu. Mwenye jike asiyemtaka azae tena, tena anakusudia kukaa naye miaka mingi, yafaa aulize juu ya kumwondoa kizazi angali kijana. Saratani hii ikisha kuenea mapafuni haina dawa.

Sasa nawapa onyo juu ya dawa. Sungura si mbuzi mdogo, wala si mbwa mdogo. Dawa za jamii ya penisilini, kama vile amoksilini na ampisilini, zikipitishwa mdomoni huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, na sungura huharisha na kufa. Dawa za viroboto za mbwa zenye fipronili nazo ni sumu kwake. Usimpe vidonge vya maumivu vya watu kwa kukisia. Pesa ya dawa isiyofaa ingetosha kumlipa daktari.

Tumefika kwenye kazi ya kalamu. Fungueni ukurasa mpya, chora mistari mtengeneze safu nne. Juu ya safu ya kwanza andika Tarehe. Ya pili andika Uzito. Ya tatu, Chakula. Ya nne, Kinyesi. Kila siku andika neno moja moja tu: amekula vizuri, au kidogo, au hakula, kinyesi kingi, kidogo, au hakuna. Mara moja kwa wiki mpime uzito. Kama hamna mizani nyumbani, aombe mtu kwa mwenye duka. Sungura awekwe ndani ya kikapu, kisha uzito wa kikapu uondolewe.

Tufanye hesabu kidogo. Mathalani, sungura wako mwezi Januari alikuwa na gramu 2,400. Februari ana gramu 2,300. Machi ana gramu 2,100. Amepungua gramu ngapi? Toa 2,100 katika 2,400, zinabaki 300. Mtu atasema, "Gramu 300 ni kitu gani? Ni mfuko mdogo wa sukari." La, tazameni vizuri. Gramu 300 ni sehemu moja ya nane ya 2,400. Mtu mwenye kilo 64 akipoteza sehemu moja ya nane, amepoteza kilo 8. Je, mtu wa nyumbani kwako akipungua kilo 8 katika miezi miwili pasipo kutaka, ungesema ni uzee tu? Ungempeleka hospitali.

Macho hayawezi kuyaona mambo haya, kwa sababu manyoya huficha mifupa, na tunamwona mnyama kila siku. Daftari huona. Daktari naye akiletewa daftari lenye tarehe na hesabu, hufanya kazi yake upesi zaidi kuliko akiambiwa, "Ameanza kuumwa siku nyingi kidogo."

Nyumbani mnaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Kibanda kiwe chini, kisicho na ngazi wala kizingiti kirefu. Chakula na maji viwe karibu na anapolala. Aliyepofuka kwa mtoto wa jicho asihamishiwe vyombo vyake. Atavijua mahali pake kwa pua na ndevu zake. Wakati wa joto kali, linapopita digrii 30, mtilie chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa aiegemee, maana sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hutokea zaidi masikioni. Hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo wazi, hali ni ya hatari. Ukimbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ushike makalio, umkumbatie kifuani pako. Usimnyanyue kwa masikio hata mara moja. Mifupa yake ni myepesi, na akirusha miguu kwa nguvu anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Na kama alikuwa na mwenzake akafa, mtazameni sana siku zile. Sungura hupenda kuwa na mwenzake, na aliyefiwa huweza kuacha kula.

Mwisho, tusiogope kusema neno juu ya kifo. Itafika siku ambayo dawa haimfai tena. Mtajuaje? Daftari litawasaidia hapa pia. Jiulizeni: je, anakula mwenyewe? Anaweza kujisogeza kutoka kwenye mkojo wake? Bado anakuja akiitwa, au hutega kichwa akunwe? Au anasaga meno kwa nguvu, na hiyo ni ishara ya maumivu? Zikipita siku nyingi mbaya kuliko njema, na daktari amesema hakuna la kufanya, si ukatili kumwomba amchome sindano ya kumlaza asiamke. Ukatili ni kumwacha aumie kibandani wiki nzima kwa sababu sisi tunaona haya kuamua. Na kama kuna mtoto aliyempenda, aelezwe kweli. Asiambiwe kwamba sungura ametoroka, akakaa mlangoni akimngoja.

Basi tukumbuke mambo matatu. Moja: uzee si ugonjwa, ukiona mabadiliko, tafuta sababu. Mbili: asiyekula kwa saa 12 hangoji kesho. Tatu: andika, maana mnyama huyu hasemi, na daftari ndilo litakalomsemea.

Mnyama aliyekaa nasi miaka minane, akawafurahisha watoto wetu na kula majani tuliyomchumia kwa mikono yetu, anastahili kutazamwa vizuri siku zake za mwisho.  

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini sungura huficha maumivu yake?
2. Meno ya sungura hupunguzwa na nini? Taja dalili tatu za meno mabaya.
3. Sungura mwenye mgongo uliokakamaa hupatwaje na mabuu?
4. Sungura alikuwa na gramu 2,000, sasa ana gramu 1,800. Amepoteza sehemu gani ya uzito wake?
5. Jirani yako anataka kumpa sungura wake amoksilini kwa mdomo. Utamwambia nini?
6. Chora ukurasa wa daftari la sungura, uujaze kwa siku saba.